Mwongozo kamili wa kuchunguza galaksi zilizofunikwa na vumbi, kuanzia doa kwenye ramani hadi umbali wake

Desemba 1995 darubini ya Hubble ilielekezwa kwa siku kumi kwenye kiraka kidogo cha anga katika kundinyota la Dubu Mkubwa. Picha iliyopatikana ilikuwa na galaksi zipatazo 3,000. Miaka michache baadaye darubini ya James Clerk Maxwell, iliyo juu ya mlima Mauna Kea huko Hawaii, ilikitazama kiraka hichohicho kwa mawimbi yenye urefu wa mikromita 850, yaani chini kidogo ya milimita moja. Chanzo kilichong'aa kuliko vyote kwenye ramani yake, kilichoitwa HDF 850.1, hakikulingana na galaksi yoyote iliyoeleweka katika picha ya Hubble. Ripoti ilitoka mwaka 1998. Mwaka 1999 safu ya antena za Plateau de Bure nchini Ufaransa ilionyesha mahali pake kwa usahihi zaidi. Umbali wake haukujulikana hadi 2012.

Miaka 14 kwa chanzo kimoja. Nitakirudia chanzo hiki katika mwongozo huu, kwa sababu kila hatua ya kazi ilipitiwa hapo na kila kikwazo kilionekana. Mwongozo ni wa mwanafunzi wa fizikia, au mpenzi wa anga anayejua Python kidogo, mwenye kompyuta ya kawaida. Data nyingi ni za bure. Kinachohitajika zaidi ni uvumilivu, na nidhamu ya kutoamini namba kabla ya kuipima.

Kwa nini mawimbi haya

Fikiria jiko la mkaa lililoachwa usiku. Kaa limefunikwa na majivu, jicho halioni mwanga wowote, lakini ukisogeza kiganja unasikia joto. Galaksi hizi ziko hivyo. Nyota changa hutoa mwanga mkali wa urujuanimno, vumbi linaunywa mwanga huo, linapata joto la kelvini 30 hadi 40, kisha linautoa upya kama mionzi ya infraredi, hasa karibu na mikromita 100. Mwaka 1996 data za setelaiti ya COBE zilifichua mandharinyuma ya infraredi inayojaza anga lote, na vipimo vilivyofuata vilionyesha kwamba takriban nusu ya nishati ya mwanga wa nyota tangu mwanzo wa ulimwengu imepita kwenye vumbi kwa njia hiyo. Anayetazama kwa mwanga wa kawaida tu anaikosa sehemu kubwa ya historia ya nyota.

Kwa kuwa ulimwengu unapanuka, mionzi hiyo inavutwa njiani na kuwa mirefu. Kiasi cha kuvutwa huitwa mhamo mwekundu na huandikwa z: urefu tunaoupima ni urefu wa asili mara (1+z). Wimbi tunalolipokea likiwa mikromita 850 kutoka galaksi ya z = 2.5 lilitoka likiwa mikromita 243. Kutoka z = 5 lilitoka likiwa mikromita 142. Angalia maana yake: kadiri galaksi inavyokuwa mbali, ndivyo darubini yetu inavyosogea kwenye kilele cha mionzi ya vumbi, mahali panapong'aa zaidi. Umbali unafifiza, kilele kinaongeza, na mawili hayo karibu yanafutana. Galaksi ileile itaonekana kwa mng'ao unaokaribiana kuanzia z = 1 hadi karibu z = 8. Sijui tawi jingine la unajimu lenye bahati ya namna hii.

Bahati hiyo ina bei yake. Kwa kuwa mng'ao haupungui na umbali, mng'ao peke yake haukwambii galaksi iko wapi. Shika hilo mapema.

Andaa vifaa

Sakinisha Python pamoja na maktaba za astropy na photutils. Sakinisha CARTA kwa kutazama picha za FITS (aina ya faili inayotumika kwa picha za anga), na CASA ikiwa utachakata mwenyewe data za intaferometa, yaani antena nyingi zinazofanya kazi kama darubini moja. Zote ni bure. CASA hutumika kwenye Linux na Mac, kwa hiyo mwenye Windows aweke Linux pembeni au ndani yake.

Usianze kwa kupakua data ghafi za ALMA, safu ya antena iliyoko Chile. Kifurushi kimoja kinaweza kufika makumi ya gigabaiti, na bando litakwisha kabla hujaona nyota moja. Anza na picha zilizokwisha kuchakatwa, ambazo aghalabu ni megabaiti tu.

Aliye Kenya ana njia ya ziada. Mpango wa DARA umeendesha mafunzo ya unajimu wa redio nchini humo na katika nchi nyingine kadhaa za Afrika, na ujuzi wa intaferometa unaopatikana kwenye redio unahamia moja kwa moja kwenye mawimbi haya.

Hatua ya 1: chagua kiraka kilichotazamwa na wengi

Ramani ya submilimita, yaani ya mawimbi yaliyo chini kidogo ya milimita moja, pekee haina faida kubwa. Chagua eneo ambalo limepigwa picha pia na Hubble au James Webb, na darubini za redio, eksirei na infraredi. Maeneo maarufu ni COSMOS, UKIDSS-UDS, GOODS-Kaskazini (humo ndimo ilimo HDF 850.1) na Chandra Deep Field ya Kusini. Mtu anayeanza ningemwelekeza UDS au COSMOS: yapo karibu na ikweta ya anga, hivyo darubini za Hawaii na za Chile zote zimeyafikia.

Ramani ya kuanzia ichukue kwenye uchunguzi wa SCUBA-2, kamera ya darubini ya James Clerk Maxwell, uitwao Cosmology Legacy Survey, uliochapishwa mwaka 2017. Unafunika takriban nyuzi 5 za mraba na una vyanzo karibu 3,000. Ramani zake zimewekwa wazi.

Fungua ramani hiyo kwenye CARTA, ukae nayo nusu saa kabla ya kuandika msimbo wowote. Utaona madoa meupe, pete hafifu nyeusi zinazoyazunguka, na kingo zenye kelele nyingi kwa sababu darubini ilipita pale mara chache. Jicho likishazoea, litakuokoa baadaye pale programu itakapokupa jibu la ajabu.

Hatua ya 2: tafuta vyanzo, kisha ujitilie shaka

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa hiyo nitakaa.

Faili la ramani huwa na tabaka mbili: ishara na kelele. Gawanya ya kwanza kwa ya pili upate ramani ya uwiano, yaani kila nukta ni mara ngapi ya kelele, au sigma ngapi. Kisha tafuta vilele vinavyozidi mpaka fulani. Mpaka upi? Hesabu mwenyewe. Darubini ya mita 15 kwa mikromita 850 huona nukta yoyote kama doa lenye upana wa sekunde za tao zipatazo 15 (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya nyuzi). Eneo la doa hilo ni 1.133 × 15 × 15, kama sekunde za tao za mraba 255. Nyuzi moja ya mraba ina milioni 12.96 za hizo, kwa hiyo ina madoa huru karibu 51,000. Kelele ya kawaida huvuka 3 sigma mara 1.35 katika kila 1,000. Zidisha: vilele karibu 70 ambavyo si galaksi bali kelele tupu. Kwenye 3.5 sigma vinabaki karibu 12, kwenye 4 sigma viwili hivi. Ndiyo maana orodha zilizochapishwa hukata kwenye 3.5 au 4, na anayekata kwenye 3 anajaza kapu lake mawe pamoja na samaki.

Hesabu hiyo ni ya kelele bora ya vitabuni. Kelele halisi ipime kwa ramani yenyewe: kama unazo data za usiku mmoja mmoja, zigawe mafungu mawili na utoe fungu moja kutoka kwa jingine. Galaksi zote zitafutika, kelele itabaki. Endesha programu yako ileile juu ya ramani hiyo, na kila inachokipata ni uongo. Huna data za usiku mmoja mmoja? Geuza ishara ya ramani, hasi iwe chanya, utafute tena, lakini kwanza funika vyanzo angavu, kwa sababu zile pete nyeusi zitageuka kuwa vilele vya bandia.

Kisha fanya kinyume chake. Panda galaksi za bandia zenye mng'ao unaoujua, kumi kumi kwa kila jaribio ili zisisongamane, urudie hadi uwe na maelfu. Ni ngapi programu imezipata? Hiyo ndiyo ukamilifu wa orodha yako. Na kwa zilizopatikana, linganisha mng'ao uliopanda na uliovuna. Utagundua umevuna zaidi ya ulichopanda. Galaksi hafifu ni nyingi kuliko angavu, kwa hiyo zilizo chini kidogo ya mpaka na zikapata msukumo wa kelele ni nyingi kuliko zile zilizosukumwa kwenda chini. Kadiri chanzo kinavyokaribia mpaka, ndivyo nyongeza hii inavyokuwa kubwa. Irekebishe kwa kila chanzo, na katika jedwali lako andika mng'ao wa mwanzo na uliorekebishwa bega kwa bega. Nimesoma kazi nzuri za wanafunzi zilizoangushwa na kuruka safu hiyo moja.

Kikwazo kimoja hakiondoki hata ukitazama miaka kumi. Doa la sekunde 15 ni pana kiasi kwamba galaksi hafifu zinarundikana ndani yake na kuwa kelele zenyewe. Kwa darubini ya mita 15, msongamano huo unaanza karibu na milijanski 1 (kipimo cha mng'ao). Kwenda chini zaidi kunataka darubini kubwa zaidi, au lenzi ya mvutano: kundi la galaksi lililo mbele likipinda na kukuza mwanga wa zilizo nyuma. Galaksi za kwanza kabisa za aina hii zilipatikana kwa ujanja huo mwaka 1997.

Hatua ya 3: pata mahali hasa

Kosa la mahali katika kila mhimili ni karibu 0.6 mara upana wa doa, gawanya kwa sigma za chanzo. Kwa doa la sekunde 15 na chanzo cha 4 sigma, kosa ni sekunde 2.25. Ukichora duara la kutosha kuwa na uhakika, kwenye picha ya Hubble utakuta galaksi kadhaa ndani yake. Kuchagua ile inayopendeza ni kubahatisha. HDF 850.1 ilikuwa mtego wa namna hiyo: mbele yake kabisa, karibu kwenye mstari uleule, kuna galaksi ya duaradufu iliyo karibu zaidi nasi, ambayo haihusiki.

Zamani jibu lilikuwa redio. Galaksi zinazozaa nyota hutoa pia mawimbi ya redio, na safu ya VLA huko New Mexico inaonyesha mahali kwa usahihi. Lakini redio hufifia na umbali, hivyo zilizo mbali zaidi zilikosekana, na orodha zikaegemea za karibu.

Leo jibu ni ALMA: antena 66 kwenye uwanda wa Chajnantor nchini Chile, mita 5,000 juu ya bahari, palipo pakavu mno. Ukavu ni muhimu kuliko urefu, kwa sababu mvuke wa maji angani huyameza mawimbi haya. Kilimanjaro inaipita Chajnantor kwa karibu mita 900, lakini jangwa la Atacama ndilo lenye hewa inayofaa. Kwa mikromita 870, uwanja wa kuona wa ALMA ni kama sekunde 17, unaolingana vizuri na doa la darubini ndogo. Katika uchunguzi uitwao ALESS, dakika mbili hivi kwa kila chanzo zilitosha.

Na matokeo yake yalibadilisha somo zima. Vyanzo vilivyoonekana kuwa galaksi moja angavu, zaidi ya theluthi yake viligawanyika na kuwa mbili au zaidi. Kwa hiyo usipeleke mng'ao wa doa la mita 15 kwenye mahesabu ya galaksi moja bila kuangalia.

Nenda kwenye hifadhi ya data ya ALMA, andika kuratibu za chanzo chako, chuja kwa Bendi 6 na 7, zinazopokea mawimbi ya karibu na milimita moja. Data huwa za umma baada ya miezi 12 ya umiliki wa aliyeziomba. Chukua picha mbili: isiyorekebishwa, uitumie kutafuta vyanzo kwa sababu kelele yake ni sawa kote, na iliyorekebishwa kwa mwitiko wa antena, uitumie kupima mng'ao. Kuzichanganya ni kosa la kawaida sana.

Hatua ya 4: pata umbali

Kwanza, njia ya haraka na isiyoaminika: rangi. Kilele cha vumbi kikiwa mbali kinahamia mawimbi marefu. Darubini ya anga ya Herschel, iliyofanya kazi 2009 hadi 2013, ilipima mikromita 250, 350 na 500. Chanzo kinachong'aa zaidi kwenye 500 kuliko 350, na 350 kuliko 250, huenda kiko mbali. Huenda tu. Umbo la mionzi linategemea jotoridi gawanya kwa (1+z). Vumbi la kelvini 35 kwenye z = 2.5 linatoa 10. Vumbi la kelvini 60 kwenye z = 5 linatoa 10 vilevile. Umbo ni moja, na hakuna kipimo cha rangi ya vumbi kitakachowatenganisha.

Wakati uko kwenye data za Herschel: chanzo kinachozidi milijanski 100 kwenye mikromita 500, ukishaondoa galaksi za karibu, na pia kwasa (mashimo meusi makubwa yanayong'aa kwa kumeza gesi) zenye redio kali, karibu hakika kimekuzwa na lenzi ya mvutano. Gawanya mng'ao kwa ukuzaji kabla ya kutangaza galaksi ya ajabu.

Njia ya kuaminika ni mistari ya gesi. Molekuli ya kaboni monoksaidi inatoa mistari kwenye ngazi zenye nafasi karibu sawa, kila moja gigahezi 115 hivi kutoka kwa mwenzake: 115.27, 230.54, 345.80, na kuendelea hadi 576.27 wa tano na 691.47 wa sita. Mhamo mwekundu unazibana zote kwa (1+z). Mstari mmoja pekee hautoshi, kwa sababu hujui ni wa ngapi. Miwili inatosha.

Fanya zoezi hili kwa kalamu. Mistari miwili ya HDF 850.1 ilionekana kwenye gigahezi 93.20 na 111.84. Tofauti ni 18.64. Ukidhani ni majirani kwenye ngazi, 115.2 gawanya kwa 18.64 ni 6.18, kwa hiyo z ni 5.18. Hakiki sasa: 111.84 mara 6.18 ni 691, mstari wa sita. 93.20 mara 6.18 ni 576, mstari wa tano. Zinakaa. Sasa tabiri: mstari wa kaboni iliyopoteza elektroni moja, ambao asili yake ni gigahezi 1,900.5, unapaswa kuwa karibu na 307.4, na mstari wa pili wa kaboni monoksaidi karibu na 37.3. Yote miwili ilitafutwa, na yote miwili ilipatikana. Thamani iliyochapishwa ni z = 5.183, yaani tunaiona galaksi ilivyokuwa miaka bilioni 1.1 hivi baada ya Mlipuko Mkuu.

Kutabiri kabla ya kutazama ndiko kunakotenganisha umbali uliothibitishwa na uliokisiwa. Ukiwa na mstari mmoja, sema una mmoja.

Hatua ya 5: nyota ngapi, vumbi kiasi gani

Kwa makadirio ya kwanza, milijanski 1 kwenye mikromita 850 ni sawa na nguvu ya infraredi ya karibu Jua trilioni 1, na nguvu hiyo ni takriban uzito wa Jua 100 wa nyota mpya kila mwaka. Galaksi ya milijanski 4 basi inazaa kama 400. Njia yetu ya Maziwa inazaa mbili hivi. HDF 850.1 ilikadiriwa kuzaa 850. Katika uchunguzi wa ALMA wa eneo la UDS, uliohusisha galaksi 700 na ushei, wastani wa kati ulikuwa 290 kwa mwaka kwenye z ya 2.6.

Uzito wa vumbi unapatikana kwa kuzidisha mng'ao na mraba wa umbali wa mwangaza, kisha kugawanya kwa (1+z), kwa uwezo wa vumbi kutoa mionzi, na kwa fomula ya Planck ya jotoridi ulilochagua. Wengi hutumia mita za mraba 0.077 kwa kilo kwenye mikromita 850 ya asili, na kuikuza kuelekea mawimbi mafupi kwa kipeo cha 1.5 hadi 2. Andika wazi ulichochagua. Kubadilisha jotoridi kutoka 25 hadi 40 hubadilisha jibu kuliko kelele yote ya darubini.

Mambo mawili yanasahaulika. Mionzi ya mandharinyuma ya ulimwengu ni kelvini 2.7 leo, lakini kwenye z = 5.18 ilikuwa karibu 16.8. Vumbi la kelvini 35 linapimwa dhidi ya mandhari hiyo yenye joto, na sehemu ya mng'ao wake inapotea. Pili, shimo jeusi lililo katikati linaweza kulipasha vumbi joto. Angalia eksirei kabla ya kuzipa nyota sifa yote.

Hatua ya 6: tazama majirani

Ukishapata z, tafuta galaksi nyingine kwenye umbali huohuo. Watafiti wa 2012 walikuta HDF 850.1 haiko peke yake bali katikati ya msongamano wa galaksi za wakati uleule. Baadaye darubini ya James Webb ilikiona kiraka hicho kwa infraredi, ikanasa mwanga wa haidrojeni wa HDF 850.1 yenyewe na wa majirani wengi kuizunguka. Kwenye picha ya 1995 HDF 850.1 haikuonekana kabisa.

Hatua ya 7: omba muda wako

ALMA hupokea maombi mara moja kwa mwaka, na mtu wa nchi yoyote anaruhusiwa kuomba. Majina ya waombaji hufichwa kwa wanaopitia, kwa hiyo chuo chako hakikubebi wala hakikuangushi. Omba kidogo. Chukua vyanzo vitano kutoka orodha uliyoisafisha mwenyewe, vyenye picha za James Webb na visivyo na umbali. Onyesha jedwali lako la mng'ao uliorekebishwa, onyesha majaribio ya vyanzo vya bandia, na utaje gigahezi ambazo mistari itaangukia kwa kila z inayowezekana, pamoja na mapengo ambako ungeona mstari mmoja tu.